Mchanga Apata Ajira

(Barazani, Ujiji. Mkekani kuna chupa ya kahawa iliyooshwa, vibakuli vya mchanga, chaki, na mche wa shubiri. Watoto wamekaa kando; Anti ndiye mwenye kijiko cha kupangia matabaka ya mchanga wa rangi chupani.)

MCHANGA: Hodi, Bi Chupa. Nimeambiwa nihamie kwako.

CHUPA: Karibu. Mbona umejipodoa hivyo?

MCHANGA: We acha tu. Nimechotwa Kibirizi, nikasuuzwa mpaka maji yakatakata, nikaanikwa, nikachekechwa, kisha akasagwa huyu Chaki tukakorogwa pamoja. Mimi nikawa waridi, ndugu yangu bluu, yule pale kijani. Ukoo mmoja, na ni marufuku kuchanganyika.

CHUPA: Kule ufukweni ulikuwa na kazi gani?

MCHANGA: Kuanikiwa dagaa, bibie. Mlaji akikwaruza meno, lawama zangu. Waanikaji walipohamia kwenye chanja, nikabaki kijiweni.

CHAKI: Heri yako. Mimi ni wa darasani, na hapa sioni ninamfundisha nani.

CHUPA: Unawafundisha watoto mazingira. Si ndivyo Anti alivyosema?

CHAKI: Watoto gani? Yule kanyang'anywa kijiko, eti tabaka la bluu limepinda. Huyu kaambiwa asisogee, asije akatikisa.

MCHANGA: Limepinda! Chini ya Ziwa Tanganyika mashapo yamelaliana unene wa kilomita kadhaa, kwa mamilioni ya miaka, na yamepinda kwa sababu Bonde la Ufa halijatulia hata leo. Hakuna aliyelipelekea rula.

SHUBIRI: Samahanini, wazee wangu. Mimi ndiye mpangaji wa juu. Maji yatatokea wapi?

CHUPA: Sina tundu, mwanangu.

SHUBIRI: Si yatatuama, nioze mizizi?

CHAKI: Mimi nami nitachuruzika, rangi zote ziwe tope.

CHUPA: Ndiyo maana Anti kaamua usinyweshwe, labda kijiko kimoja, siku akikumbuka.

SHUBIRI: Nife kwa kiu kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470!

MCHANGA: Shukuru. Nyumba ya pili waliona uvivu kunifuata ufukweni, wakatumia chumvi ya Uvinza. Unasugua chaki juu yake, rangi inashika mara moja. Wakapanda mche humohumo.

SHUBIRI: Ukapona?

MCHANGA: Mpaka picha ilipopigwa.

(Anti ameingia ndani kutafuta simu. Mtoto mdogo anachomeka njiti ya chelewa, anaishusha kwenye ukuta wa kioo. Bluu inateremka ndani ya waridi, vinatokea vilele.)

CHUPA: Nani ananitekenya?

MCHANGA: Tulia, bibie. Anachora milima ya Mahale.

CHAKI: Nani kamfundisha?

MCHANGA: Hakuna. Kaachwa peke yake dakika mbili tu.

ANTI (mlangoni): Nani kaharibu matabaka yangu?

SHUBIRI: Kabla hamjamfukuza, mwulizeni kama ana maji.