Jino, Chuma na Mchele wa Jana

Jino lilianza kuuma usiku wa Jumapili. Binti yangu ana miaka 6 na si mtoto wa kulia ovyo, lakini usiku ule alilaza shavu kwenye kiganja changu na kugumia mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokucha nikafunika cherehani, nikampeleka kwa daktari wa meno. Gego la chini lilikuwa limetoboka tundu la kuingia punje ya mchele. Likang'olewa siku ileile.

Daktari, mama wa makamo, hakunigombeza. Aliniuliza tu mtoto akitoka shule anakula nini. Nikamwambia kweli: nampa shilingi 500, anakwenda dukani kununua pipi, kripsi na ile juisi ya kuchovya ulimi ukawa mwekundu. Anavimaliza kwa muda gani? Nikasema anavitafuna polepole, mchana kutwa. Hapo akashusha pumzi, akanieleza kitu ambacho ningependa kila mzazi akisikie. Vijidudu vya kinywani hula sukari vikatoa tindikali, na kila mtoto anapoonja kitu kitamu, tindikali hiyo hulishambulia jino kwa nusu saa hivi kabla mate hayajaituliza. Mtoto anayemung'unya pipi tangu saa nane hadi magharibi hayapi mate yake nafasi hata kidogo. Kwa hiyo kiasi cha sukari ni hoja, lakini mara ngapi ni hoja kubwa zaidi.

Akaniambia pia kwamba tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na sukari ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayoipata kwenye chakula cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu na kalamu ya chaki juu ya kitambaa. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 9 vya chai, karibu. Mtoto wa miaka 6 akiinywa peke yake ameshafika ukomo wa siku nzima.

Mama watoto yuko Dodoma masomoni mwaka huu. Nyumbani Tandika, Dar es Salaam, tumebaki mimi, binti huyo na kaka yake wa miaka 9, na mimi ndiye ninayeshinda nyumbani, cherehani barazani. Niliamua vitafunwa vya saa nane nitavitengeneza mwenyewe.

Nilianza na kashata za ufuta. Sukari sikutia, nilitia tende, nikazitwanga pamoja na ufuta uliokaangwa na karanga. Karanga tulizichambua sote watatu juu ya ungo, tukitoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa sababu ya sumukuvu. Watu wa Dodoma na Manyara walipoteza ndugu mwaka 2016 kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kukaanga hakuiondoi yote. Kashata zikatoka nzuri, nikajaza bakuli. Wiki iliyofuata nikampelekea daktari mbili, kama shukrani. Alionja, akasifu ufuta, kisha akasema kwa upole kwamba tende kavu zaidi ya nusu yake ni sukari, tena inanata kwenye meno kuliko pipi. Mtoto ale moja pamoja na chakula, asukutue maji, basi. Si bakuli la kupita akichota. Nilirudi kwenye bakuli langu moyo umeniuma kweli.

Nikahamia kwenye bagia za kunde, chakula chenye protini na chumvi, kisicho na utamu kabisa. Nilizikumbuka saa tatu usiku baada ya kumaliza suruali za mteja. Kunde nikaziloweka saa moja tu. Maganda yakagoma kutoka. Nikisugua kunde inapasuka, ganda limeng'ang'ania. Nikaona nisage hivyo hivyo. Blenda ikalia, ikanuka waya, ikanyamaza. Dakika chache baadaye umeme nao ukakatika mtaa mzima. Wanangu walilala kwa mkate na chai ya rangi, na mimi nilikaa gizani na beseni la kunde nusu nzima nusu unga.

Sasa nije kwenye vitumbua, maana hapo ndipo nilipofundishwa.

Sokoni niliona viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi ile inatokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na hupokelewa vizuri zaidi yakiwepo mafuta. Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuupatia mwili virutubisho kupitia mazao ya kawaida kama kiazi hiki. Nikawaza: kiazi kina utamu wake, tui la nazi lina mafuta yake, nikiviunganisha kwenye kitumbua, sukari nitaipunguzia wapi kama si hapo? Nikanunua viazi, nazi mbili, iliki, na chuma kipya cha vitumbua chenye matundu saba.

Usiku nilichemsha viazi, nikaviponda, nikachanganya na unga wa mchele wa dukani na tui. Hamira nikatia vijiko viwili vikubwa ili rojo liumuke haraka. Nikafunika sufuria, nikalala. Ilikuwa Februari, na joto la Dar es Salaam la mwezi huo anayelijua analijua. Saa kumi usiku niliamshwa na mwanangu wa kiume: "Baba, jikoni kuna kitu kinatembea." Rojo lilikuwa limeinua kifuniko, limeshuka kwenye jiko la gesi, limeingia kwenye vichomeo, limefika sakafuni, na sisimizi walikuwa wameshapanga mistari miwili, wa kwenda na wa kurudi. Tulipiga deki watoto na mimi, taa moja, bila kusema neno.

Lililobaki kwenye sufuria sikukubali kulitupa. Nikawasha jiko la mkaa uani, nikaweka chuma, mafuta, rojo. Likashika. Nikachokoa kwa kijiko, kitumbua kikatoka nusu, nusu ikabaki ndani inaungua. Cha pili vilevile. Moshi ukapanda, nguo za mteja zilizoanikwa zikanuka, na saa moja kasoro watoto wakaenda shule wamekula ndizi tu. Binti yangu alichukua kipande kimoja cheusi, akakifunga kwenye karatasi. Akasema, "Hiki nitakula, Baba." Nilikaa uani nikalia.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu ni mama anayeuza vitumbua kwenye kona kila alfajiri; namfahamu miaka mingi, suti ya harusi ya mwanawe niliishona mimi. Jioni ile nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Naona moshi wako leo umefika mpaka kwangu."

Nikamweleza yote. Hakucheka. Aliniuliza, "Mchele uliloweka saa ngapi?"

"Sikuloweka, mama. Nimetumia unga."

"Na chuma umekizoesha?"

Sikujua hata kwamba chuma kinazoeshwa.

Siku iliyofuata saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kibarazani kwake. Chuma kipya, alisema, kinasuguliwa na kitunguu kilichokatwa nusu na mafuta, kinapashwa, kinafutwa, kinapakwa tena; siku tatu, nne, mpaka matundu yawe meusi na kung'aa. Mchele unaoshwa na kulowekwa jioni, ulale kwenye maji, usagwe kwa tui. Hamira kijiko kidogo cha chai, basi, na joto likiwa kali inapunguzwa tena. Akadondosha tone la rojo kwenye tundu, likachemka pembeni na kupanda katikati, akasubiri. "Usikichokoe," aliniambia. "Kikiiva chini kitajiachia chenyewe." Na kweli, alikigusa kwa kijiti, kikageuka.

Mimi ni fundi. Najua kitambaa cha pamba kisipolowekwa kabla ya kukatwa, suruali itafupika mwilini mwa mteja. Tangu tende hadi kunde hadi unga wa dukani nilikuwa nikiutafutia mkato muda wenyewe. Yule mama hauzi unga na mafuta. Anauza usiku mzima uliotangulia.

Nilikizoesha chuma siku nne. Sukari nilianza na nusu kikombe kwa kilo ya mchele, kila wiki nikipunguza kijiko kimoja huku nikiongeza kiazi kidogo, na wanangu hawakulalamika. Sasa tuko robo kikombe. Siku mbili kwa wiki ni vitumbua, siku mbili bagia za kunde zilizolala majini na kutwangwa kwenye kinu, siku nyingine ni papai, ndizi au muhogo wa kuchemsha na nazi. Vinaliwa kwa mkao mmoja saa nane, kisha maji. Dukani bado wanakwenda Ijumaa, na siwazuii. Binti yangu anapenda pindo la kitumbua, pale panapokauka na kulia jinoni. Huanza kula kwa kuzunguka pembeni.

Juzi niliona uchovu, nikazima taa mapema. Nilikuwa nimeshapitiwa na usingizi sauti yake ilipotoka chumba cha pili.

"Baba, umeloweka mchele?"

Nilikuwa sijaloweka. Nikaamka. Nilipokuwa nikiosha mchele nikamsikia amekuja nyuma yangu pekupeku, akaingiza mkono kwenye sufuria na kuanza kuuchambua, akitoa vijiwe kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa meza.