Kabati la Viatu Lisilotumika

Hongera, shemeji, kwa kukarabati ukumbi wa mlangoni. Kabati la mninga kutoka Keko, vyango vya kutundikia miavuli, benchi la kukalia mtu avue viatu kistaarabu. Masika ya Dar es Salaam, Machi hadi Mei, sasa tope limepata adabu.

Kabati, naam, limefungwa kwa ufunguo. Viatu vyenye tope vingelichafua. Benchi bado limevaa nailoni ya dukani, na vyango vinaning'iniza maua ya plastiki. Ndala zetu zinalala nje mvuani, ndiyo stahiki yake. Jana yangu ya kushoto ilielea hadi kwa jirani. Wageni huingia peku, wakalisifu kabati kwa mbali. Makumbusho huweka kamba. Sisi tunaye shemeji.

Nasikia sasa anakarabati choo.