Shajara ya Kichwa Kinachouma

Jumatatu. Kichwa kimeanza saa nne asubuhi, sambamba na fundi wa jirani anayechomelea mageti. Muuzaji wa duka la dawa kaniuliza nataka vidonge vya kawaida au vya haraka. Sijui nani huwa anaomba vya polepole. Nikachukua vya haraka: parasetamoli miligramu 500, kafeini 65. Chenji hana. Kanipa pipi.

Jumanne. Nimemeza viwili baada ya ugali na maharage. Saa nzima, kimya. Shemeji yangu muuguzi kaeleza kwamba parasetamoli hainyonywi tumboni bali kwenye utumbo mwembamba, na tumbo likijaa huchelewa kuipitisha. Kwa hiyo dawa ya haraka ipo foleni, nyuma ya ugali.

Jumatano. Shemeji kashauri vya kuyeyusha, maana hivyo hufika tumboni vikiwa vimeshayeyuka. Bomba limekauka tangu juzi. Ndani palikuwa na soda tu, nikavitumbukiza humo. Povu lilipanda, likavuka ukingo wa glasi, likashuka hadi kwenye mkataba wa pango ambao mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza anausaini. Kitambaa cha meza kimepata dozi kamili. Mwenye nyumba kaomba kidonge kimoja kikavu.

Alhamisi. Nimerudia vile vya kafeini saa nne usiku. Maumivu yakaisha, lazima niseme ukweli. Usingizi nao ukaondoka. Saa nane nilikuwa macho, kichwa kizima kabisa, nikihesabu mapaa ya jirani kwa mwanga wa taa ya ulinzi.

Ijumaa. Mafua. Nikanunua dawa ya mafua niongezee. Shemeji kaisoma pakiti kwa sauti: nayo ina parasetamoli ndani. Mtu mzima asizidishe gramu nne kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya 500, kila dawa ikihesabiwa humo, la sivyo ini ndilo litakalolipa. Halafu akaongeza kwamba anayemeza dawa za maumivu siku nyingi mfululizo, dawa zenyewe huweza kumletea maumivu ya kichwa.

“Sasa dawa ya hayo ni nini, shem?”

“Kuacha dawa.”

Mke wangu kacheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi. Nimepimwa macho. Tatizo lipo huko, kwa sehemu kubwa. Miwani itachukua wiki tatu. Nikauliza kama ipo huduma ya haraka. Ipo. Wiki tatu vilevile, ila unalipa kabla.