Anguka Upande wa Maji

Stika imeshafika Ifakara. Mimi bado niko Banaue, Ufilipino, nimejikunyata kitandani kwenye nyumba ya wageni, tope limenikaukia ndani ya sikio la kushoto, na tayari mpwa wangu ameitumia stika hiyo kwenye kundi la familia kumjibu mama yake aliyeuliza nani kaunguza wali. Anayeonekana ni mimi, kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa mali ya mlima.

Aliyepiga picha ni mwenzangu wa kozi, Mrundi wa Bujumbura, mtu mpole ambaye kule darasani Los Baños haazimi kalamu bila kutanguliza samahani. Jana mpole huyo alikuwa na mikono miwili mizima, na yote miwili ilikuwa kwenye simu.

Mtu wa Ifakara, kwenye mashamba ya mpunga, kuzamishwa na mpunga! Ningeanguka kwenye barafu wangenionea huruma.

Batad ni kijiji cha mkoa wa Ifugao kilichokaa ndani ya bonde lililopinda nusu duara, na majaruba yake yamepanda mlima ngazi kwa ngazi hadi shingo inauma ukiyatazama. Gari linakuacha juu, unashuka kwa miguu, na ukishafika kwenye majaruba hakuna njia ya kupita. Yaani njia ni ukuta wenyewe: kichwa cha ukuta, upana wa futi moja hivi, jiwe limelowa, kushoto maji, kulia hewa. Wenyeji wanapita hapo na watoto mgongoni, wanapiga soga.

Mwongozaji wetu, mzee mkavu aliyevaa ndala, tulimwita Manong kama wanavyowaita kaka wakubwa kwenye milima ile. Alikuwa akitafuna tambuu, mdomo mwekundu, na hakupoteza muda kwenye hotuba ya usalama. Alitupa sentensi moja tu, kwa sauti ya kondakta anayekumbusha abiria wasisahau mizigo: "Sa, ukiona unaanguka, anguka upande wa maji."

Kabla sijaanguka, naomba nieleze ukuta ule, maana niliuchunguza kwa karibu kuliko mtalii yeyote wa msimu huu. Chini kabisa hutandikwa mawe makubwa, ndiyo msingi. Juu yake mawe madogo hupangwa moja moja bila saruji, ukuta ukiegemea mlimani kidogo kila unapopanda. Nyuma ya mawe hujazwa kokoto na changarawe ili maji yanayopenya yapate pa kutokea, yasije yakausukuma ukuta. Kisha unakuja udongo wa mfinyanzi, unashindiliwa mpaka unakuwa sakafu isiyovuja, na juu ya sakafu hiyo ndipo hulazwa tope la kupandia. Kwa hiyo kila jaruba ni beseni, na mlima mzima ni mabeseni yaliyotundikwa. Hapa na pale jiwe refu limeachwa likichomoza nje ya ukuta, na juu yake lingine, na lingine: hizo ndizo ngazi. Unapanda ukuta kwa kukanyaga meno yake.

Na maji! Hapo ndipo nilipomsumbua Manong mpaka akaacha kutafuna. Sikuona pampu. Sikusikia injini. Juu kabisa, kwenye vichwa vya milima, kuna misitu inayoitwa muyong, kila ukoo na wake, nayo hailimwi. Ni msitu wa kuni, wa mbao za nyumba na vinyago, lakini kazi yake kubwa ni kunywa mvua na kuitema polepole kupitia chemchemi. Mfereji unayapeleka maji jaruba la juu, jaruba likijaa yanamwagika kwenye mdomo uliokatwa ukingoni, yanaingia la pili, la tatu, hivyo hivyo hadi mtoni. Jirani wa chini anaishi kwa adabu ya jirani wa juu. Sisi tunaogombana kwa bomba moja la mtaa tungelimaliza bonde lile kwa kesi. Tena maji hayo hayaachwi yakauke hata baada ya mavuno, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukikauka unapasuka, na beseni lililopasuka juu linabomoa yote yaliyo chini yake.

Vipeperushi vinasema kazi hii ina miaka 2,000. Nilimweleza Manong kwamba mwanaakiolojia Stephen Acabado, aliyechimba kwenye kijiji cha kale cha Kiyyangan, hakubaliani: yeye anaona majaruba ya mpunga yalishamiri baada ya Wahispania kuingia kaskazini mwa Luzon, watu walipojikusanya milimani, na kabla ya hapo kilichokuwa kikilimwa kwenye maji yale ni magimbi. Miaka kama 400, basi. Manong alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate mekundu pembeni, akasema babu yake hakumwachia risiti. Kwangu mimi miaka 400 ndiyo inayotisha zaidi. Maana yake watu walijenga mlima mzima kwa haraka, huku wanamkwepa mkoloni.

Sasa, kuanguka.

Alitokea kwanza mwanamume aliyebeba mtungi wa gesi mgongoni. Gari haliingii kijijini, kwa hiyo gesi, saruji na soda zote zinafika kwa mgongo wa mtu. Nilijibana, akapita, sijui alipitia wapi, nadhani alipita ndani yangu. Nyuma yake ulikuja msafara wa watalii wa Kizungu, na mbele ya msafara kijana mwenye kijiti kirefu cha kujipigia picha, amegeuza uso nyuma anatabasamia simu, anatembea kinyumenyume kuja kwangu. Nikasema samahani. Nikasema kwa Kiingereza. Nikasema "we!" ambayo ni lugha ya dunia. Kijiti kikanigusa bega.

Ninachojivunia ni kwamba nilichagua. Kulia kulikuwa na kimo cha nyumba na chini yake jaruba la mtu mwingine. Nikaenda kushoto.

Ni Februari, miche imepandikizwa juzijuzi, vichwa vya kijani vimechomoza juu ya maji kwa mistari. Nikaufyeka mstari mzima kwa kifua. Niliposimama tope lilikuwa kiunoni, na nilipojaribu kutoka ndipo nilipoelewa ufundi wa lile beseni. Tope lililovurugwa kwa miguu kwa miaka mingi halina punje ya hewa ndani yake. Ukiuvuta mguu, chini ya unyayo panabaki patupu, na kwa kuwa hakuna hewa ya kuja kupajaza, patupu pale panakuvuta wewe. Ukivuta mguu wa kulia, unaushindilia wa kushoto. Ukikaa, unaongeza eneo la kushikwa. Muuza duka wa Manila aliyeniuzia viatu vya kupandia milima aliapa havipitishi maji, na kweli havikupitisha: yaliyoingia kwa juu hayakutoka tena. Manong aliniambia nivifungue kamba na nivue miguu kwanza, viatu vitafuata. Nikavua miguu. Kiatu cha kulia kilifuata. Cha kushoto kimebaki, na naamini wazao wa Acabado watakikuta.

Akaja mwenye jaruba. Bibi mfupi, sketi imekunjwa gotini, naye anatafuna tambuu. Hakunitazama. Alikwenda kwanza kwenye ukuta, pale kisigino changu kilipong'oa jiwe, akalipapasa, akalizungusha, akaligongea mahali pake kwa jiwe jingine, akaziba ufa kwa tope la kiganja. Kisha akaingia majini, kidogo tu, wala hakuzama, sijui kwa sheria ipi ya fizikia. Akaanza kuokota miche yangu iliyokuwa ikielea. Aliichambua: iliyovunjika aliikanyagia ndani, mizima aliirudisha. Kidole gumba, kishimo, mche, kishimo kinajifumba. Alipanda mbele yangu. Alipanda nyuma yangu. Alipofika nilipo hakuniomba nisogee, alinizunguka, akachomeka mche mmoja katikati ya miguu yangu, na mstari ukaendelea.

Akamwambia Manong jambo. Manong akacheka mpaka akashika magoti.

"Amesemaje?"

"Hakuna, sa."

"Manong."

"Anauliza kama unakaa hapo mpaka mavuno."

Mpunga wao, tinawon, huvunwa mara moja kwa mwaka, Juni au Julai. Hukatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo cha mkononi, hufungwa matita, hukobolewa kinuni. Hakuna msimu wa pili wa kufidia alichoharibu mtu wa Ifakara.

Wakati huo yule kijana wa kijiti alikuwa amerudi kutazama. Aliniangalia, akamwangalia bibi, akamuuliza Manong kwa upole kabisa kama mimi ni wa kabila la hapa. Halafu akapiga picha. Sikusikia pole wala samahani. Yuko mahali sasa hivi, anawaonyesha wenzake mkulima mweusi wa Ifugao akiwa kazini.

Nilipotolewa, Manong mkono mmoja na mbeba gesi mwingine, niliingiza mkono mfukoni nikampa bibi kilichokuwemo: noti ya peso 100 na ya 20, zimeshikana kwa tope. Akazibandua. Ya mia akaitia kwenye mkunjo wa sketi. Ya ishirini akanirudishia, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kila kiungo, tope limeingia kwenye mipasuko. Nyuma ya noti ile kuna picha ya majaruba ya Banaue.

Hapo ucheshi uliniishia kidogo. Zamani majaruba hayo yalikuwa kwenye noti ya peso 1,000. Toleo la 2010 likayahamishia kwenye noti ya 20, yenye thamani ndogo kuliko zote. Sijui ni bahati mbaya tu au kuna mtu alipiga hesabu. UNESCO waliyaweka majaruba ya milima hii, ya Batad yakiwemo, kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995, wakayaingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2001, wakayatoa 2012, na muda wote huo aliyekuwa akirudishia jiwe ni bibi. Konokono walioletwa nchini miaka ya 1980 ili wawe kitoweo wanakula miche yake. Mayai yao ya rangi ya waridi niliyaona yameganda kwenye mabua, mazuri kama hujui ni nini. Minyoo mikubwa inatoboa kingo na maji yanatoroka. Mimi natoboa kwa kifua.

Na kila kipeperushi kinalia kwamba vijana wa Ifugao wanaacha mashamba wanakimbilia mijini. Walioandika vipeperushi wanaishi wapi, kama si mijini? Abaki nani abebe mawe mgongoni kwa mavuno ya mara moja kwa mwaka, ambayo mengi yanaishia kwenye sufuria ya nyumbani, ili mimi nipate mandhari? Jana nililipia gari, nikalipia mwongozaji, nikalipia ada ya mazingira, nikalipia chakula. Hakuna aliyeniandikia risiti ya ukuta. Kwetu Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, wakiwaambia ni kwa faida yao, na mwaka 1955 Uluguru ikalipuka. Watu hawakukataa ngazi kwa uvivu. Walikataa kuvunja migongo kwa mpango wa mtu mwingine. Wa Ifugao walizichonga wenyewe, kwa sababu zao, na sasa sisi tunawageuzia mpango kuwa wetu: msiondoke, mnapendeza.

Nilimwambia Manong hayo yote. Akasema wanawe wawili wako Baguio, mmoja fundi umeme, na wanatuma pesa za kulipa vibarua wa kurekebisha ukuta. Akauliza kama bado nataka kwenda kwenye maporomoko.

Tulikwenda Tappiya. Ngazi za kuteremkia huko nilizishuka kwa makalio, na maji yalikuwa baridi kiasi kwamba tope liliganda badala ya kutoka. Mlo wa mchana nilihudumiwa nje, mbali na wageni wengine, karibu na mbwa. Kupanda kurudi gari lilipo, nikiwa na kiatu kimoja na ndala moja ya kuazima, nilipitwa na mbeba gesi akirudi na mtungi mtupu, akanipungia.

Kwenye jipini, basi dogo la huku, ya kurudi Banaue nafasi ilikuwa imebaki moja. Dereva alinitazama, akamtazama mama mwenye kapu la kuku, akamkaribisha kuku ndani. Mimi nikapandishwa juu ya paa, katikati ya magunia ya kabichi, na nauli nililipa kamili.