Nukta ya Shangazi

Kamati ya harusi ya binamu yangu ilikuwa na watu wa kila aina isipokuwa wenye hela. Michango ilipozorota, mwenyekiti, mstaafu anayependa sana neno "mkakati", akaamua kazi ya kuhamasisha apewe dada yetu mmoja mwenye maelfu ya wafuasi Instagram. Dada akaposti kadi ya mchango, na maua, na wimbo. Mioyo myekundu ikamiminika. Mmoja akatupongeza kwa Kireno. Hela haikuingia hata ya chumvi ya pilau.

Ndipo mpwa wangu anayesoma takwimu chuoni akatuletea ramani. Alikusanya nani yuko grupu gani, nani anamfuata nani, nani humjibu nani. Kila mtu akawa nukta, kila uhusiano mstari. Si jambo jipya, akatuambia: miaka ya 1930 daktari wa akili Jacob Moreno alichora michoro ya namna hii huko Hudson, New York, akitafuta kwa nini wasichana wa shule moja walikuwa wakitoroka kwa kufuatana. Mwenyekiti akauliza kama nao walichangiwa.

Nilijitafuta katikati, nikajikuta pembeni kabisa, nimening'inia kwa uzi mmoja, na uzi wenyewe unakwenda kwa fundi simu. "Usijali, mjomba," mpwa akanifariji. "Mwaka 1991 Scott Feld alionyesha kwamba marafiki wa mtu, kwa wastani, wana marafiki wengi kuliko yeye. Hauko peke yako." Nikamshukuru shingo upande. Dada naye alijaa mistari kama miba ya nungunungu, ila karibu yote ilichomoka nje, kwa watu wasiomjua yeyote kwenye ukoo.

Nukta nono kuliko zote ilikuwa ya Shangazi wa Tanga. Shangazi hana Instagram. Simu yake ina kioo kilichopasuka, na mahali pa picha yake ameweka mnazi. Lakini upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi hawakuwa na njia ya kufikiana ila kupitia kwake: yumo kwenye grupu la ukoo, la madrasa, la kikoba, hadi la majirani wa zamani wa Ngamiani. Hesabu ya jambo hili iliwekwa sawa na Linton Freeman mwaka 1977: chukua njia fupi zinazounganisha watu, kisha tazama ni ngapi zinapita kwa nani. Mtu wa aina hiyo hana haja ya wafuasi; inatosha wasiojuana wote wawe wanamjua yeye. Mimi naongeza kwamba awe na bando, na Shangazi hajawahi kuishiwa.

Mwenyekiti akamtumia orodha ya ahadi ambazo hazijalipwa, aliyoiandaa mhazini kwa alfabeti na ambayo yeye mwenyewe hakuisoma, akamsihi awakumbushe wahusika kwa hekima. Shangazi akarekodi ujumbe wa sauti, jogoo akiwika nyuma yake, akausambaza kila mahali: "Wanangu, asalamu aleikumu. Nawasomea wadaiwa." Jina la mwenyekiti linaanza na A.

Kabla ya magharibi, binamu aliyeko Muscat alishapiga kuuliza kama mwenyekiti amefilisika. Mimi nilitumiwa na fundi simu. Mwenyekiti alilipa usiku uleule, pamoja na ya kutolea.