Faini ya Dagaa

Baba anayetembea mjini na watoto wawili, mfukoni ana nauli tu, anahitaji sentensi moja: "Tutanunua siku nyingine." Kwenye aiskrimu, siku nyingine. Kwenye bembea za kulipia, siku nyingine. Wanangu wameisikia mpaka yule mdogo akaniuliza, "Baba, Siku Nyingine ni kabla ya Jumapili au baada?"

Ndiyo maana Jumamosi moja, jua likiwa la utosi, niliwaingiza maktaba ya mkoa. Sikufuata elimu, nilifuata feni. Nikainua gazeti usoni kama msomi, na haikufika dakika ya tatu nikawa nimelala. Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alinigusa bega.

"Baba, ukurasa huu unausoma kwa sauti mno."

Binti yangu wa darasa la tano alishahamia meza ya mbali. Hanijui, simjui.

Wakati wa kuondoka walinijia na vitabu kifuani. "Tuchukue?" Nilikwisha kufungua mdomo kusema yale yangu, nikakumbuka kwamba kadi tumeshapewa na hapa hapana wa kulipwa. Nikajikuta nasema neno ambalo dukani halijawahi kunitoka: "Chagueni." Walinitazama kama nimepandisha homa.

Mdogo akachagua kitabu cha sungura. Tukakaa nacho kwa amani mpaka usiku mmoja umeme ulipokatika, na paka wa jirani akaanza kuvizia bakuli la dagaa. Nikapapasa gizani, nikapata kitu bapa, nikafunika. Asubuhi sungura alikuwa na duara la mafuta tumboni, kitambi cha diwani kabisa. Nikanyunyiza unga unyonye mafuta, nikaanika juani. Jalada likajikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni.

Siku ya kurudisha, watoto walitoa shikamoo, wakaniachia uwanja. Mkutubi alikisogeza kitabu puani.

"Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma?"

"Wa Kigoma," nikajibu haraka, nikitumaini ubora wao utanipunguzia adhabu.

Haukupunguza. Huku akiandika risiti alinisomea somo: "Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Hakuifungua ili watu wapate vifuniko vya mboga." Kisha akamgeukia mwanangu, sauti ikalainika. "Kule Garissa, Kenya, tangu mwaka 1996 vitabu vinawafuata watoto kwa ngamia. Ngamia, baba! Jua kali, vumbi, na vitabu vinafika."

"Ngamia hali dagaa," mwanangu akanitetea. Au alinishitaki, sina hakika.

Nikalipa. Faini ilikuwa bei ya aiskrimu mbili kamili, nami niliihesabu hivyo hivyo, kijiti kwa kijiti. Nilidhani tutafukuzwa. Badala yake mkutubi akavuta kitabu kingine, akagonga muhuri wa tarehe kwenye karatasi ya nyuma, akamkabidhi mdogo.

Nje, muuza aiskrimu akapiga kengele. Nikajiandaa. Lakini mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, kitabu kimefunguliwa mwishoni, kidole juu ya wino ambao haujakauka.

"Baba," akasema, "kumbe Siku Nyingine ina tarehe."