Kitanda cha Sita kwa Sita

Usiku wa kwanza aliolala kwetu, mama mkwe wangu alikwama chumbani. Saa nane na nusu aliamka kwenda msalani, akapapasa komeo, akavuta mlango. Haukufunguka wote, ukagota kwenye kitanda. Tuliposikia anamwita mwanawe tulikurupuka, na mimi nikausukuma mlango kutoka koridoni nikidhani namsaidia, kumbe namkandamiza. Alitoka kwa ubavu, goti limechubuka kwa kona ya mbao. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, chumba kizuri, lakini nafasi hamna."

Chumba kile nilikipanga mimi, mwezi mzima.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili kama jirani zake: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Mama alikuwa akiishi Pangani peke yake. Ana mtoto wa jicho. Jicho moja limekwisha pasuliwa, la pili linasubiri, na mume wangu akasema mama hawezi tena kuchota maji kisimani kwa jicho moja. Nikasema aje. Chumba cha mwisho kushoto, tulichokuwa tukiwekea magunia na baiskeli mbovu, kingekuwa chake, kwa sababu ndicho kilicho karibu na choo.

Upatu wangu ulikuwa umeniangukia, Sh 800,000. Nilitaka mama wa mume wangu aingie mahali ambapo akiketi ataona kwamba alingojewa. Nikaandika kila kitu kwenye daftari la shule. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa, makopo matatu ya lita 4, Sh 114,000. Tina, brashi na msasa, Sh 21,000. Fundi, Sh 60,000. Kitanda cha mtiki wa Muheza, futi sita kwa sita, Sh 280,000. Godoro lake, Sh 240,000. Pazia la kitambaa kizito rangi ya zabibu, pamoja na kushona, Sh 65,000. Jumla Sh 780,000. Nililala usingizi mwema siku ile, nimebakiwa na Sh 20,000 na orodha yote ina alama ya vema.

Kwenye daftari lile hapakuwa na kipimo hata kimoja. Chumba nilikuwa nakijua, nimekifagia miaka tisa, sikuona haja ya tepu.

Asubuhi baada ya tukio la mlango, mume wangu alienda kuazima tepu kwa jirani. Chumba kina futi 9 kutoka mlangoni hadi ukuta wa dirisha, yaani inchi 108. Kitanda kinachoitwa sita kwa sita ni sita kwa sita ya godoro. Ukijumlisha mbao za ubavuni upana wake ni inchi 77, na urefu, pamoja na kichwa cha kitanda, ni inchi 82. Ukitoa 77 kwenye 108 zinabaki 31. Mlango una upana wa inchi 32 na unafungukia ndani. Inchi moja tu. Ndiyo maana seremala na vijana wake walikiingiza kitanda vipande vipande, wakakiunga humo humo, wakatoka wakinipongeza. Mchana mlango ulikuwa wazi nusu muda wote, watu wakipita upande upande bila kuwaza, na hakuna aliyejaribu kuufungua wote.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa njia nyingine. Nyumba za mawe za Lamu, Zanzibar na Pangani zina vyumba virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana mkubwa bila kupinda. Chumba kilifuata mti uliopatikana. Vitu vidogo viliwekwa kwenye zidaka ndani ya ukuta wenyewe, visile nafasi ya sakafu. Mimi nilifanya kinyume: nilinunua kitu, kisha nikatarajia chumba kikifuate.

Mama tulimhamishia kwa watoto, kwa muda, tukisema wiki moja. Alikaa miezi mitatu, kwa sababu masika yaliingia na ukuta ukaanza kusema mambo yake.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili. Niliingia kufungua dirisha nikakuta ukuta wa upande wa bafu umefanya malengelenge, mengine makubwa kama kikombe. Nikabonyeza moja, likapasuka, likatoa maji na unga mweupe. Niliuonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Nilikaa kwenye kile kitanda kikubwa nikalia. Sikulilia rangi peke yake. Ile Sh 195,000 ya rangi na fundi nilikuwa nimeichanga kwa mafungu ya elfu ishirini ishirini, na nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba chumba kimekwisha.

Fundi wa kwanza alipokuja alisema ni rangi feki, ninunue nyingine. Namshukuru Mungu sikuwa na hela ya kumsikiliza. Aliyetueleza ukweli ni mama mwenyewe. Alisimama mbele ya ukuta, akaugusa kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Unyevu ulifika kifuani pake, ukakoma.

"Maji yanatoka huku bafuni," alisema. "Na lipu hii imepigwa kwa mchanga wa pwani. Mmeufunga ukuta pumzi."

Kila neno lilikuwa kweli. Kiungio cha bomba la bafu kilikuwa kinavuja ndani ya ukuta, kidogo kidogo, huenda kwa miaka. Mchanga wa baharini una chumvi. Maji yakipita kwenye lipu huiyeyusha chumvi hiyo na kuitoa nayo nje, na maji yakishakauka usoni pa ukuta, chumvi hubaki na kuvimba. Zamani ukuta ulikuwa na chokaa tu, unyevu ukitoka bila kizuizi, na sisi tukiufuta ule unga kwa ufagio bila kufikiri unatoka wapi. Rangi ya mafuta ni kama nailoni. Niliyafungia maji ndani, yakatafuta njia.

Hapo ndipo nilipomwuliza mama swali ambalo nilipaswa kumwuliza Januari, kabla sijanunua hata brashi: unataka chumba cha namna gani?

Alijibu bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa na jibu siku nyingi. Ukuta mweupe usiong'aa, maana jua la asubuhi likipiga ile rangi ya mafuta linamrudi machoni na haoni kitu. Pazia jepesi, apate upepo wa bahari. Lile la zabibu lilikuwa linamtia giza na joto. Kitanda kidogo, cha kulala mtu mmoja, ubavu wa kulia uwe wazi, kwa sababu yeye huamkia kulia. Fremu ya mlango ipakwe rangi nzito, buluu au kijani, ili aione usiku. Zulia hataki kabisa, litamtega mguu. Na juu ya kitanda, msumari mmoja wa kutundikia tasbihi.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye daftari langu, na karibu vyote ni vya bei ndogo.

Tuliziba bomba kwanza, Sh 12,000. Kisha rangi ikakwanguliwa yote hadi kwenye lipu, kwa skrepa na brashi ya waya, kwa kuwa chokaa haishiki juu ya mafuta. Upande wa bafu lipu mbovu ilibomolewa, ikapigwa mpya ya chokaa na mchanga wa mto. Fundi wa pili alichukua Sh 70,000, chokaa na mchanga Sh 38,000. Halafu tukangoja wiki tano, dirisha wazi, ukuta ukauke. Kungoja huku ndiko kulikonishinda kuliko kazi yenyewe. Kila siku nilikuwa napita na kuugusa kwa kiganja kama mama alivyonifundisha.

Chokaa tulipaka wenyewe. Tanga ni mji wa jiwe la chokaa, mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya jiwe hilo, na chokaa ya mfuko haina bei ya kutisha. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni akituelekeza. Tuliiloweka siku mbili kwenye ndoo, tukaichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, tukaizimua hadi ikawa nyepesi kama maziwa. Mikono tulivaa glovu na watoto tuliwaweka mbali, kwani chokaa inaunguza ngozi na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Ukuta unaurashia maji kwanza, ndipo unapaka, mkono mwembamba. Ukimaliza unaona kama hujafanya kitu, ukuta umelowa tu, kijivu. Unaenda kupika. Ukirudi umekuwa mweupe. Chokaa inapokauka huvuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na weupe huongezeka siku hadi siku. Tulipaka mikono minne. Katika wa mwisho mama alidondosha nili kidogo, kama walivyokuwa wakifanya kwao Pangani kila masika yakiisha.

Seremala alikikata kitanda kikawa futi tatu na nusu kwa sita, kwa Sh 60,000. Duka lilikataa kulirudisha godoro, jirani akalinunua kwa Sh 190,000, nikapata dogo kwa Sh 120,000. Pazia la zabibu liko sebuleni kwetu. Dirishani kwa mama kuna kanga mbili alizokuja nazo mwenyewe, na kando ya kitanda amepigilia mkeka wa ukili kwa misumari, usisogee.

Hesabu ya mwisho ni Sh 890,000. Kati ya hizo, Sh 305,000 zilikwenda kwenye rangi iliyokwanguliwa, mbao zilizokatwa na hasara ya godoro. Msumari wa tasbihi tulikuwa nao nyumbani.

Mama alihamia Juni. Fremu ya mlango ni ya buluu, na mlango unafunguka wote, hadi ukutani.